Caulker: jina la baba, nchi ya mama

Januari 11, 2022, kwenye uwanja wa Japoma mjini Douala, Sierra Leone iliwabana Algeria, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa sare ya 0-0. Anayekumbukwa zaidi siku ile ni kipa Mohamed Kamara, aliyeangua kilio alipotangazwa mchezaji bora wa mechi. Mbele yake alisimama beki wa kati mrefu aliyezaliwa Feltham, magharibi mwa London: Steven Caulker. Wafuatiliaji wa Ligi Kuu ya England walimfahamu kitambo. Alipita Tottenham, Cardiff na QPR, na Januari 2016 alikuwa Liverpool kwa mkopo pale Klopp alipomwingiza dakika za mwisho dhidi ya Arsenal akacheze mshambuliaji, mechi ikaisha 3-3. Timu ya taifa ya England aliichezea mara moja tu, mechi ya kirafiki na Sweden Novemba 2012. Akafunga bao siku hiyohiyo, ila nani atalikumbuka, wakati Zlatan alifunga manne? Haki ya kuichezea Sierra Leone aliipata kupitia babu yake.

Watangazaji walilitaja jina lake bila kulitilia maanani. Caulker, mchezaji wa England, jina la Kiingereza, kuna nini hapo cha kuuliza? Kumbe katika wachezaji wote wa Sierra Leone waliokuwa uwanjani, huenda lake ndilo lililokuwa na historia ndefu kuliko yote katika nchi aliyoichezea.

Ukifungua kamusi ya Kiingereza, utaambiwa caulker ni mkalafati, yule fundi anayeziba nafasi za mbao za chombo kwa nyuzi na lami. Hapo ndipo wengi wanaotafuta asili ya jina hili hufunga kitabu wakaridhika: babu alikuwa mkalafati, mwisho wa habari. Jibu limenyooka, ila si la kweli. Nchini Uingereza jina hili ni adimu. Makao yake halisi ni Afrika Magharibi, kwenye kipande kifupi cha pwani kati ya rasi ya Freetown na kisiwa cha Sherbro, na limekuwa huko kwa zaidi ya miaka 300, tangu kabla Freetown yenyewe haijawekwa.

Hicho ndicho kisa ninachokichambua hapa. Nitadai kwamba jina la Caulker linampotosha anayelisoma. Linatupeleka moja kwa moja kwa Mwingereza mmoja wa karne ya 17, ilhali kilichoufanya ukoo huu udumu ni haki ya mwanamke wa Kisherbro aliyeolewa na Mwingereza huyo. Jina lilitoka kwa baba. Nchi ilitoka kwa mama.

Kijana wa Falmouth

Mwingereza mwenyewe aliitwa Thomas Corker. Alitoka Falmouth, mji wa bandari huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alifika Sherbro katika miaka ya 1680 akiwa kijana mdogo sana, mwajiriwa wa Royal African Company, kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1672 kuhodhi biashara ya Uingereza katika pwani ya magharibi ya Afrika. Kampuni hiyo ilikuwa na ngome York Island, kisiwa kidogo jirani na Sherbro. Ilinunua pembe za ndovu, magogo ya camwood yanayotoa rangi nyekundu kwa ajili ya viwanda vya nguo vya Ulaya, na watu. Biashara ya watumwa haikuwa ya pembeni katika habari hizi. Ndiyo iliyouneemesha ukoo huu kwa zaidi ya karne nzima, na wazee wake hawana haja ya kufichiwa hilo.

Corker alipanda hadi akawa wakala mkuu wa kampuni pale York Island katika miaka ya 1690. Mwaka 1698 alihamishiwa Gambia, na miaka miwili baadaye akafariki kwao Falmouth. Kaka yake Robert, mfanyabiashara aliyekuja kuwa mbunge, alibaki huko na mali na heshima. Tawi la Uingereza la jina Corker liliendelea na mambo yake. Kamusi za majina ya Kiingereza hulihusisha Corker na watu waliouza rangi ya zambarau zamani, na jambo hilo halina uhusiano wowote na ukalafati. Kwa hiyo hata asili ya Kiingereza ambayo watu huirudia ni ya jina lingine kabisa.

Mabadiliko ya tahajia yalikuja baadaye. Katika Kiingereza ambacho r imekufa mwishoni mwa silabi, Corker na Caulker hutamkwa sawasawa: "koka". Katika karne ya 18 karani wa meli au wa kampuni aliposikia jina hilo, aliliandika alivyoliona sawa, na mtu wa bandarini hamkosi mkalafati kichwani. Baada ya muda mfupi tahajia ya Caulker ikashinda Afrika, na ya Corker ikabaki Uingereza. Kwa mtafiti hiyo ni bahati. Ukikuta Caulker kwenye daftari la kanisa au orodha ya abiria, swali la kwanza ni Sierra Leone, hata kama aliyeandikwa amezaliwa London au Ohio.

Kuna mtego mmoja tu wa kuukwepa, nao ni kisiwa cha watalii kule Belize kiitwacho Caye Caulker. Jina lile inaaminika lilitokana na hicaco, neno la Kihispania la tunda la pwani, ambalo midomo ya mabaharia Waingereza ililipinda. Ukoo wa Sherbro haukufika huko.

Mgeni na mwenyeji

Kuelewa kwa nini jina la mtu aliyekaa miaka kama 15 lilishika mizizi hivyo, inabidi kuelewa desturi ya pwani ile. Mzungu hakuwa mtawala. Alikuwa mgeni, na mgeni hakai bila mwenyeji. Mwenyeji ndiye aliyempa kiwanja, akamlinda yeye na bidhaa zake, na akambebea lawama akivunja mila. Mgeni naye alitoa ada na zawadi kila mwaka, na njia ya bara hakuigusa bila ruhusa. Mgeni mwerevu hakuishia kulipa ada. Alioa ndani ya nyumba ya mwenyeji wake.

Corker alioa katika ukoo wa Ya Kumba, waliotawala mwambao wa ghuba ya Yawri. Mkewe Waingereza walimwita Senora Doll, Duchess wa Sherbro. Jina hilo lina Ureno ndani yake, kwa sababu Wareno walitangulia kufanya biashara huko na maneno yao yakabaki midomoni mwa kila mtu. Neno Duchess nalo ni jaribio la makarani wa kampuni kuutafsiri, kwa lugha ya vyeo vya kwao, uwezo waliouona mbele yao: mwanamke mwenye ardhi, mwenye watu, asiyepitwa na biashara.

Sasa mtazame mtoto wa ndoa hiyo. Kwa upande wa baba huko Falmouth, hakuwa na chake. Sheria za urithi za Uingereza za wakati ule hazikuwa na haraka ya kumtambua mtoto wa ng'ambo. Kwa upande wa mama alikuwa mtoto wa nyumba. Alikuwa na mashamba, visiwa, mito ya kupitishia bidhaa, na watu wa kumtii. Washerbro hawakumwona chotara anayetafuta pa kujishikiza. Walimwona mjukuu wa Ya Kumba.

Basi kwa nini hakuitwa Ya Kumba?

Kwa sababu ya mkopo. Biashara ya pwani haikuendeshwa kwa fedha taslimu. Nahodha alishusha nguo, vyuma, baruti na pombe leo, akalipwa watu, pembe na magogo miezi kadhaa baadaye. Anayeaminiwa kwa mzigo kama huo lazima awe na jina linalojulikana Bristol, Liverpool na London, jina linaloweza kuandikwa kwenye daftari na kudaiwa. Mwenye jina la Kiingereza, anayesoma barua mwenyewe, alipewa mzigo kabla ya jirani yake. Uwezo wa mama ulimpa bidhaa za kuuza, na jina la baba likampa wanunuzi. Kutupa kimojawapo ingekuwa hasara tupu.

Caulker hawakuwa peke yao katika mtindo huu. Tucker, Rogers na Cleveland ni koo zilizozaliwa kwa namna ileile kwenye mwambao uleule na katika enzi ileile, na zote ziliongozwa na machifu wafanyabiashara wenye damu ya pande mbili. Kilichowatofautisha Caulker ni eneo lao. Visiwa vya Plantain, mdomo wa mto Bumpe, na baadaye visiwa vya Banana, vilikuwa karibu kabisa na bandari ambayo Waingereza wangeitaka zaidi kuliko zote.

Ugomvi na kalamu

Katika miaka ya 1740 kijana Mwingereza aitwaye John Newton aliachwa visiwa vya Plantain chini ya mfanyabiashara wa watumwa, akafanyiwa unyama na mke Mwafrika wa bwana huyo. Baadaye Newton akawa nahodha wa meli za watumwa, kisha padre, na uzeeni akaishambulia biashara hiyo hadharani. Namtaja kwa sababu maelezo yake yanaonyesha wazi nani alikuwa na nguvu pale. Mzungu asiye na mwenyeji wa kumtetea hakuwa na maana yoyote.

Mwaka 1785 ugomvi wa Caulker na Cleveland ulifikia kumwaga damu: James Cleveland wa visiwa vya Banana alimuua Charles Caulker. Cleveland alipokufa, Stephen Caulker alilipa kisasi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1790 visiwa vya Banana vilikuwa mikononi mwa Caulker. Jina la Cleveland likafifia kwenye pwani hiyo. Sababu haikuwa kukosa watoto. Nyumba ilipoteza ardhi. Ukitaka kujua kwa nini baadhi ya majina haya ni adimu kuliko mengine, anzia hapo.

Kufikia hapo dunia ilikuwa imebadilika. Freetown ilianzishwa mwaka 1792, Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na mwaka uliofuata Sierra Leone ikawa koloni la Taji. Jirani aliyekuwa mteja akageuka askari wa doria. Wakuu wa biashara hiyo walilazimika kutafuta njia nyingine, na kizazi hiki cha Caulker kilichagua kalamu.

George Stephen Caulker, aliyekuwa na makao Plantain, alisomeshwa Uingereza. Mwaka 1818 walifika kwake Wamarekani wawili, Samuel Mills na Ebenezer Burgess, waliotumwa kutafuta ardhi ya kuwahamishia Wamarekani weusi. Walimkuta mtawala wa Kiafrika aliyevaa mavazi ya Kiulaya, anayezungumza nao Kiingereza fasaha, na anayetafsiri sehemu za Biblia kwa Kisherbro. Mtu huyohuyo ni mjukuu wa wauza watu. Mpango wa Wamarekani kukaa Sherbro ulijaribiwa mwaka 1820 ukaishia kwa homa na vifo, nao wakasogea kusini hadi mahali palipokuja kuwa Liberia.

Mwaka huohuo wa 1820 Caulker waliwaachia Waingereza visiwa vya Banana kwa malipo ya kila mwaka, na serikali ikavitumia kuwapa makazi Waafrika waliookolewa kutoka kwenye meli za watumwa. Mwaka 1825 gavana Turner akawapata wakuu wa pwani, Caulker wakiwamo, waitie nchi yao chini ya Uingereza kwa ahadi ya kulindwa. London ikaukataa mkataba huo. Ila tazama mtindo wenyewe: kila karatasi inayohusu pwani hii inahitaji saini ya Caulker. Kwa serikali ya kikoloni jina hilo ndilo lililokuwa anwani ya nchi. Jina ambalo mkoloni anaweza kulisoma linaendelea kualikwa mezani, na linaloalikwa mezani halitupwi.

Ndani ya ukoo wenyewe mambo hayakuwa shwari. Tawi la Bumpe na tawi la Plantain na mji wa pwani wa Shenge walipigana mara kwa mara, hadi katikati ya karne nchi ikagawanywa, kila tawi na upande wake. Mgawanyo huo ungali ufunguo wa ramani ya leo.

1898

Mwaka 1855 wamisionari wa United Brethren, kanisa dogo la Wamarekani wenye asili ya Kijerumani, walifika Sierra Leone, na kwa ruhusa ya chifu Thomas Stephen Caulker wakaweka kituo Shenge. Kwa miaka mingi hawakuvuna kitu. Mwaka 1871 alifika Joseph Gomer, Mmarekani mweusi kutoka Ohio, pamoja na mkewe Mary, na ndipo kazi ikashika. Chifu mzee alibatizwa kabla ya kufariki mwaka huohuo. Shule ikafuata, na watoto wa Caulker wakajaa darasani.

Baada ya hapo, Agosti 1896, Uingereza ilitangaza bara lote la Sierra Leone kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wake, na gavana Cardew akaleta kodi ya nyumba kuanzia Januari 1, 1898. Machifu ndio waliotakiwa kuikusanya. Mwishoni mwa Aprili nchi ya Wamende na Washerbro ililipuka. Amri ya vita ilipita kwa siri kupitia Poro, chama cha wanaume ambacho hakuna chifu wa pwani ile aliyetawala bila baraka zake. Mei 3 wapiganaji waliingia Rotifunk, katika nchi ya Bumpe, wakawaua wamisionari watano wa Kimarekani. Shenge nako kituo kilishambuliwa, na chifu Thomas Neale Caulker akauawa.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu inapopimwa. Waliomuua Thomas Neale walijua vizuri sana yeye ni nani. Kwa miaka kadhaa alikuwa amesimama upande wa serikali, na mwaka 1888 ndugu yake wa ukoo William Caulker alinyongwa na Waingereza baada ya kuishambulia Shenge akidai kiti hichohicho. Jina la Caulker, lililowahi kufungua kila mlango wa biashara, mwaka 1898 lilisomwa na wananchi kama jina la mtoza kodi. Kama nguvu ya ukoo ingekuwa katika asili yao ya Kiingereza, ungefutika mwaka ule, jinsi wafanyabiashara wengi wa Kikrio, wazao wa walowezi wa Freetown, walivyofutwa katika vijiji vya bara.

Haukufutika. Kiti kilishikwa na Sophia Neale Caulker, mwanamke, na nchi ikampokea. Aliyeuawa ni mtu. Haki ya nyumba ya Ya Kumba juu ya ardhi ile hakuna aliyeibishia.

Ramani ya leo

Ukiweka jina hili juu ya ramani, doa jeusi linaangukia wilaya ya Moyamba, Mkoa wa Kusini wa Sierra Leone, katika maeneo mawili ya kichifu yanayopakana: Bumpeh, ambayo makao yake ni Rotifunk, na Kagboro, ambayo makao yake ni Shenge. Ni mgawanyo uleule wa karne ya 19. Bumpeh iko chini ya chifu mkuu Charles Caulker, mmoja wa machifu wanaojulikana zaidi nchini, aliyewahi kuongoza baraza la kitaifa la machifu wakuu. Kagboro ilitawaliwa kwa miaka mingi na Madam Honoria Bailor-Caulker, na baada yake kikaja tena kiti cha mwanamke, Madam Doris Lenga Gbabiyor Caulker II. Mkoa wa Kusini una desturi ndefu ya wanawake kuwa machifu wakuu, jambo ambalo kaskazini mwa nchi halikubaliki kirahisi.

Doa la pili ni Freetown. Reli ya Sierra Leone ilipita Rotifunk ikielekea mji wa Bo, ilikofika mwaka 1903, na kwa miaka 70 hivi treni ilibeba mawese, kola, wanafunzi na makarani hadi mjini. Reli ilifungwa mwaka 1974, lakini waliokwisha kuhamia hawakurudi. Mjini humo ndiko kosa la kawaida hutokea. Mtu mwenye jina la Kiingereza Freetown huhesabiwa kuwa Mkrio. Majina kama Cole, Johnson na Macauley yalifika huko pamoja na watumwa walioachiwa huru na wamisionari waliowapa majina. Caulker halikupita njia hiyo. Lilikuwa na umri wa karne moja pwani ya Sherbro wakati walowezi wa Freetown wanashuka melini, na wengi wanaolibeba watakwambia wao ni Washerbro, au Wamende kwa kuwa Kimende kimekimeza Kisherbro sehemu kubwa.

Doa la tatu ni Marekani, na hili lilianza mapema kuliko watu wanavyodhani. Wamisionari wa Shenge walikuwa na vyuo Ohio, na hata kabla ya karne ya 20 kuanza kijana wa ukoo huu alishafika Otterbein, chuo cha kanisa lao, kusoma. Baadaye shule za kanisa hilo, Albert Academy ya Freetown na Harford ya wasichana pale Moyamba, zikawa bomba la kupeleka watu ng'ambo. Mchungaji Solomon Caulker alipita njia hiyo akarudi kuwa makamu mkuu wa chuo cha Fourah Bay. Alifariki Agosti 29, 1960, ndege ya Air France ilipoanguka baharini karibu na Dakar na kuua wote 63 waliokuwamo, akiwamo mshairi David Diop. Ilikuwa miezi minane kabla ya uhuru wa nchi yake.

Vita vya 1991 hadi 2002 vilitawanya waliobaki. Mwanzoni mwa 1995 waasi walivamia migodi ya rutile, madini ya titani, kusini, Moyamba ikawa uwanja wa mapigano, na familia zikakimbilia Freetown, na kutoka Freetown wenye ndugu nje wakaondoka. Ndiyo maana leo Caulker wengi wa ng'ambo wako London na viunga vyake, na Marekani wako zaidi Maryland na kandokando ya Washington, kama ilivyo kwa Wasierra Leone wengine. Aliyebaki akajulikana zaidi ni John Caulker, mwanaharakati aliyeanzisha Fambul Tok, mpango wa kuwapatanisha wanakijiji na waliowatesa wakati wa vita, jioni, wakiwa wameketi kuuzunguka moto.

Nani ni Caulker?

Wanaopima DNA siku hizi hutamani kila Caulker aishie kwa Thomas Corker. Ningewaonya. Nyumba kubwa za pwani zilijaa watu wa kila aina: watoto wa kulelewa, wageni waliopewa ardhi, watumwa wa nyumbani na wajukuu zao. Utumwa wa nyumbani ulifutwa kisheria bara ya Sierra Leone Januari 1, 1928 tu, ndani ya kumbukumbu ya watu ambao wajukuu zao wako hai. Waliokuwa chini ya nyumba waliitwa kwa jina la nyumba. Daftari la shule halikutenganisha mjukuu wa chifu na mjukuu wa mtumwa wa chifu. Wote waliandikwa Caulker, na sioni sababu ya kuwavua jina hilo leo. Kinyume chake pia ni kweli. Mabinti wa Caulker waliolewa huku na huku, na watoto wao hubeba majina ya Kimende, Kitemne au Kikrio huku damu ya Falmouth, kwa anayeijali, ikiwa ndani yao.

Mwenye jina hili anayetaka kujua atokako asianzie Cornwall. Aanze na swali ambalo mzee wa Moyamba atamuuliza kwanza: Bumpe au Shenge? Halafu bibi mzaa babu alitoka nyumba ipi na kijiji gani. Majibu ya maswali hayo mawili yana uzito kuliko mti wa ukoo uliochorwa kutoka kwenye vitabu vya kampuni, kwa sababu vitabu hivyo viliandika wanaume waliodaiwa fedha na kuwaacha wanawake walioleta ardhi.

Maana hadi leo jina hili lina kazi ya kisheria. Chifu mkuu wa Sierra Leone huchaguliwa kushika kiti maisha yake yote, na wapiga kura ni madiwani wa eneo la kichifu, kila mmoja akiwawakilisha walipa kodi 20. Hawezi kugombea mtu yeyote tu, sharti atoke katika nyumba ya utawala iliyotambuliwa kufikia uhuru, Aprili 27, 1961. Uhodhi huo una gharama zake. Utafiti wa wanauchumi Daron Acemoglu, Tristan Reed na James Robinson uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba maeneo ya Sierra Leone yenye nyumba chache za utawala yako nyuma kimaendeleo, ingawa wananchi wake huwaheshimu machifu wao kuliko kwingineko. Mtu wa Bumpeh au Kagboro akisoma hayo ana haki ya kuuliza maswali kuhusu jina moja linalotawala vizazi na vizazi.

Sheria ya Uchifu ya mwaka 2009, inapoeleza nani ana haki ya kugombea, haisemi lazima abebe jina la nyumba. Inakubali nasaba ya moja kwa moja ya upande wa baba au wa mama, pale ambapo desturi ya mahali imeweka hivyo. Kwa wajukuu wa Senora Doll huo ndio msingi waliouanzia. Siku kiti cha Shenge kitakapokuwa wazi, huenda mgombea mwenye haki kubwa zaidi akawa mtu ambaye kitambulisho chake hakina neno Caulker popote.